Kuleta msanii wa sasa na simu moja kwenye kipindi cha sanaa: unaanzia wapi

Walimu wenzangu, naandika hii mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma hii tu. Maswali ni yaleyale kila wiki. Mwalimu sina kompyuta nitafanyaje, mwalimu wanafunzi hawaruhusiwi simu, mwalimu mimi niko huku ndanindani huyo msanii nampata wapi, mwalimu hivi animesheni inatengenezwaje. Mimi nafundisha sekondari ya kata, darasa la watu sitini, umeme upo ila sio wa kuuamini, na kila ninachoelezea hapa nimekifanya kwa simu yangu mwenyewe ambayo kioo kina ufa tangu mwaka juzi.

Tutakachofanya ni hiki: wanafunzi wanamfahamu msanii mmoja aliye hai, wanamuuliza maswali msanii mwingine wa karibu na nyumbani, halafu kila kundi linatengeneza animesheni ya sekunde kumi kwa vitu walivyookota, yaani unapiga picha, unasogeza kitu kidogo, unapiga tena, na picha zikipita haraka kitu kinaonekana kinatembea chenyewe. Usijidanganye kwamba utamaliza kwa wiki mbili. Kwa darasa la sitini panga wiki saba, vipindi viwili vilivyoungana kila wiki, hesabu yake utaiona huko chini.

Kabla hujaanza nikwambie nilivyoharibu mara ya kwanza, maana ndo kosa naloliona kwa kila mtu. Niliwaonesha picha za Cyrus Kabiru wa Nairobi, yule anayetengeneza miwani mikubwa kwa vyuma chakavu na vipuri vya vifaa vibovu, nikawaambia haya na nyie tengenezeni. Wiki iliyofuata nikaletewa miwani hamsini na kitu, zote zinafanana, waya umezungushwa duara mbili na vizibo viwili vya soda. Miwani moja tu ndo ilinishtua, ameitengeneza kwa kipande cha neti ya mbu na mirija ya peni, nikauliza hii vipi, akasema ni miwani ya bibi yake, usiku anasikia mbu lakini hamuoni. Mtoto huyo siku naonesha picha hakuwepo, alikuwa anaumwa. Alisikia tu kutoka kwa wenzake kwamba mwalimu anataka miwani ya kuonea kitu ambacho huwezi kukiona.

Tangu siku hiyo naanza na swali, picha inafuata. Mchukulie msanii swali lake, umbo lake muachie mwenyewe.

MAHITAJI

- Simu janja moja, ya kwako au ya shule. Kamera ya kawaida inatosha kabisa. Iwe na nafasi ya GB 3 au 4, kwa hiyo futa zile video za kwenye magrupu.
- Apu ya Stop Motion Studio, toleo la bure linatosha. Ipakue nyumbani kwenye mtandao mzuri, ukishaiweka haihitaji bando kupiga picha.
- CapCut au InShot kwa kuunganisha na kuweka sauti, yoyote unayoijua.
- Stuli ya plastiki ile yenye tundu katikati ya kikalio. Hiyo ndo stendi yetu, nitaeleza.
- Pawabenki, kama huna basi chaja na soketi ya ofisi ya walimu.
- Karatasi za manila mbili tatu nyeupe, mkanda wa karatasi, gundi, mkasi, udongo wa mfinyanzi kidogo wa kusimamishia vitu.
- Picha tatu au nne za kazi za msanii, zimeprintiwa kwa rangi ukubwa wa A4 pale steshenari. Ukiwa na projekta vizuri, ila usiisubiri projekta, nimeona walimu wanaisubiri tangu niajiriwe.
- Ruhusa ya mkuu wa shule, kwa maandishi. Shule zetu wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, na siku mkaguzi akipita akakuta mtoto ameshika simu yako unataka uwe na karatasi, sio maelezo.

Jambo la sura za watoto usilipite haraka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019, na hata bila sheria sura ya mtoto wa mtu huiweki tu hadharani. Mimi nimeamua kwenye mradi huu tunapiga vitu na mikono, sura hapana. Kama unataka sura, andikia wazazi kwanza.

HATUA

1. Chagua msanii mmoja, na awe hai.

Mmoja tu jamani. Wale wanaoleta wasanii sita kipindi kimoja wanaishia kuwapa watoto orodha ya majina ya kukariri kama mito ya Tanzania. Na kwa nini awe hai? Kwa sababu wanafunzi wetu wengi wakisikia sanaa ya kuchora wanawaza Tingatinga, na Tingatinga tunampenda, ila Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alifariki 1972, huwezi kumuuliza kitu. Halafu jiandae, ukisema "msanii" nusu ya darasa wanawaza Bongo Fleva na nusu nyingine wanawaza tapeli. Acha wacheke halafu endelea.

Hawa ndo mimi nimewatumia na wanafanya kazi vizuri darasani kwetu:

Cyrus Kabiru nimeshamtaja. Mwenyewe husimulia kwamba utotoni alitaka miwani, baba yake akamwambia kama unaitaka tengeneza yako. Wanafunzi wanaielewa hiyo papo hapo. Ana kazi nyingine pia za baiskeli za Black Mamba, wazee wa vijijini wanazijua.

El Anatsui, mzaliwa wa Ghana 1944, amefundisha miaka mingi chuo kikuu cha Nsukka Nigeria. Anachukua vizibo vya alumini vya chupa za pombe kali, anavikunja na kuviunga kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa kama nguo kubwa ya ukutani. Kinachonifurahisha ni kwamba kazi zake hazina umbo moja, anayeitundika anaruhusiwa kuikunja anavyoona, kwa hiyo kazi ileile hapa ina sura hii na kule ina sura nyingine. Muulize mwanafunzi hapo: sasa kazi yenyewe ni ipi? Utakaa robo saa.

Dickens Otieno wa Kenya anakata makopo ya soda vipande vyembamba anavifuma kama kitambaa, mama yake alikuwa fundi cherehani. Wangechi Mutu, amezaliwa Nairobi 1972, alianza kujulikana kwa kolaji, yaani picha za magazeti zilizokatwa na kubandikwa pamoja, na baadaye mtindo uleule akautia kwenye animesheni, halafu 2019 sanamu zake nne za shaba ziliwekwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York, kwenye vishubaka ambavyo vilikaa vitupu zaidi ya miaka mia moja. Lubaina Himid amezaliwa Zanzibar 1954, akakulia Uingereza, 2017 alishinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, na ana kazi zinazotokana na kanga. Huyu kama una wanafunzi wa pwani muanze naye, kila mtoto ana kanga nyumbani na kila kanga ina jina lake.

2. Onesha kazi kabla ya jina.

Bandika picha ukutani, usiseme msanii ni nani, katoka wapi, ameshinda nini. Dakika tano kimya, wapite, waangalie, waandike vitu vitatu tu: naona nini, kimetengenezwa kwa nini, kinanikumbusha nini. Dakika tano ni nyingi, dakika ya pili wataanza kuchekacheka na wewe utatamani kuongea ili kuwasaidia. Nyamaza. Baada ya dakika ya tatu ndo wanaanza kuona kwamba ile sio nguo, ni vizibo.

Kosa la hapa ni mwalimu kuuliza "je, ni nzuri?" Ukiuliza hivyo watajibu "ndiyo mwalimu" wote kwa pamoja na kipindi kimekufa.

3. Tafuta swali la msanii, liandike ubaoni.

Sasa taja jina, simulia maisha yake kwa dakika tano zisizidi, afu wote mtafute swali gani huyu mtu anajiuliza anapofanya kazi. Lisiwe swali la mtihani, liwe la mtu. Kwa Kabiru mimi na Form Two tulifika kwenye "ungekuwa na miwani ya kuonea kitu kimoja ambacho watu hawakioni, ungeona nini?" Kwa Anatsui tulipata "kitu kilichotupwa kinakumbuka nini?" Kwa Himid, "kanga ya nyumbani kwenu inamwambia nani?"

Swali likishaandikwa ubaoni, zile picha zishushe ukutani, zikunje, zitie kabatini. Hii ndo siri ya kutopata miwani hamsini zinazofanana.

4. Mtafute msanii wa kuongea naye.

Wale niliowataja hapo juu ni wa kuangalia. Wa kuongea naye mtafute karibu, na wako wengi kuliko unavyodhani. Dar kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni, wasanii wanafanyia kazi kwenye studio zilizotengenezwa kwa makontena. Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa, ambayo kila mwaka inatoa wahitimu na wanarudi mikoani kwao. Nairobi kuna kituo cha sanaa cha GoDown, Kampala kuna kingine kinaitwa 32° East. Na kama uko mbali na yote hayo, anayechora mabango ya saluni kwenye senta yenu ni msanii wa sasa, fundi anayechonga vinyago ni msanii wa sasa, kijana anayepamba daladala pia. Sio lazima awe ameenda Ulaya.

Usimuombe aje siku ya kwanza. Omba voisi ya WhatsApp. Mimi hutuma hivi:

"Habari za kazi kaka. Mimi ni mwalimu wa sanaa sekondari ya hapa wilayani. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wameiangalia kazi yako na wana maswali matatu. Ukipata nafasi wiki hii tunaomba utujibu kwa voisi, dakika mbili tatu tu, hata ukiwa kazini. Hatutaisambaza nje ya darasa bila ruhusa yako. Tunashukuru sana."

Kama ni mtu mzima anza na shikamoo, hilo sina haja ya kukufundisha. Maswali matatu yachaguliwe na darasa kwa kura, na kila moja liwe limetokana na kazi yake. Futa "umepata mafanikio gani" na "changamoto ni zipi", hayo ni ya redioni.

Mwaka jana msanii mmoja wa vyuma alitujibu kwa sauti iliyoanza na grenda inanguruma, akasema subirini nizime hii. Swali la kwanza lilikuwa, kazi ikiharibika unafanyaje? Akasema nyuma ya nyumba ana kona ya kazi zilizoharibika, hazitupi, akikwama anaenda kukata kipande huko. Niliwekea spika ndogo ya bluetuthi, wakaomba niirudie mara tatu, halafu kijana mmoja wa nyuma ambaye kwa kawaida haongei akauliza, kwa hiyo hata yeye anafeli? Kipindi kilichobaki chote kikawa ni hicho.

Ukija kumualika aje kwa miguu yake, tafuta nauli, chakula na kitu cha asante, hata kidogo, umwambie kiasi mapema. Usimwambie "tutakutangaza". Wasanii wameambiwa hivyo vya kutosha.

5. Kusanyeni vitu.

Wape wiki moja. Kila kundi la watu sita mfuko mmoja: vizibo, waya, vitambaa vya kwa fundi, maboksi, peni zilizokwisha, vipande vya ndala, keypad za simu mbovu. Kila kitu kinachoingia kwenye mfuko mwanafunzi aweze kusema kimetoka wapi, hiyo inasaidia sana baadaye kwenye hadithi.

Hapa uwe mkali. Betri za simu, hasa iliyovimba, zisiguswe wala zisitobolewe, zinaweza kuwaka moto. Vioo hapana. TV za zamani zile za mgongo zisifunguliwe hata kama fundi amewapa bure, ndani kunaweza kubaki umeme hata ikiwa imechomolewa. Sindano na mabomba ya zahanati, hapana kabisa, na watoto wanaokota kweli nyuma ya zahanati, waambie wazi. Makopo yaliyokatwa kingo zake ni wembe, zizungushie mkanda. Vyote vioshwe kabla ya kuja darasani, darasa langu liliwahi kunuka maziwa mgando wiki nzima.

6. Storibodi.

Karatasi moja, visanduku sita. Sekunde kumi za hadithi: nini kipo mwanzo, nini kinabadilika, nini kinabaki. Watu wa vijiti wanatosha, hatushindanii kuchora hapa. Kundi lisilo na visanduku sita haligusi simu, na usilegeze, maana ukilegeza kwa moja wote wanakuja juu.

Hadithi iwe ndogo. Vizibo vinatembea vinajipanga kuwa samaki, samaki anameza mfuko wa plastiki, anasambaratika. Inatosha. Wale wanaotaka vita vya majini na ndege mbili, waambie wachague ndege moja.

7. Funga simu.

Weka stuli juu ya meza karibu na dirisha la upande usiopigwa na jua moja kwa moja. Chini ya stuli tandika manila nyeupe, ndo jukwaa lenu. Laza simu juu ya kikalio, kamera itazame chini kupitia lile tundu, ibane kwa mkanda isisogee hata nukta. Tundu likiwa dogo au stuli ni fupi mno, pandisha miguu juu ya vitabu vinne vinavyolingana unene. Kwa sababu chini ya stuli kuna giza kidogo, simamisha manila nyingine upande wa pili wa dirisha irudishe mwanga ndani. Miguu ya stuli nayo ibane mezani kwa mkanda.

Sasa fungua apu, weka kasi ya fremu 8 kwa sekunde, fremu ni picha moja. Gusa na shikilia kidole kwenye skrini mpaka fokasi na mwanga vijifunge, simu nyingi zinakubali. Washa kile kivuli kinachoonesha picha iliyopita kwa ufifi, bila hicho watapotea.

Halafu weka simu mudi ya ndege. Usicheke. Tuko picha ya hamsini na kitu, samaki amekaa vizuri, simu ikatetemeka ikasogea, meseji imeingia: ile pesa tuma kwenye namba hii. Tulianza upya.

8. Piga picha.

Fremu 8 kwa sekunde mara sekunde kumi ni picha 80. Kundi likizoea linatumia kama sekunde 15 kwa picha moja, kwa hiyo dakika 20, ongeza tano za kupanga vitu na kutoa. Dakika 25 kwa kundi maana yake kwenye vipindi viwili vilivyoungana, jumla dakika 80, unamaliza makundi matatu. Makundi kumi ni wiki nne. Ndo maana nilisema wiki saba: moja ya kuangalia na kupata swali, moja ya msanii na storibodi, nne za kupiga, moja ya kuonesha. Ukiweza kupiga mawili baada ya masomo unaokoa wiki.

Kila mtu awe na kazi. Mmoja anabonyeza, wawili wanasogeza vitu, mmoja ameshika storibodi anasema kinachofuata, mmoja anahesabu picha kwa sauti, wa sita anaangalia mwanga na kufukuza watazamaji. Utaratibu ni wimbo: sogeza, toa mikono, piga. Sogeza, toa mikono, piga. Kusogeza kuwe kwa upana wa kidole kimoja, sio zaidi. Anayebonyeza abadilishwe kila picha 20, la sivyo utakuta ni wavulana tu wanaoshika simu na wasichana wanaokota vizibo chini, nimeliona hilo bila hata mtu kupanga.

Makundi yanayosubiri yasikae bure. Wengine wanamalizia storibodi, wengine wanakwenda nje kutafuta sauti za kuigiza, wengine wanaandika maelezo ya kazi yao, sentensi tano: swali, vitu, vimetoka wapi, nini kilishindikana, tungerudia tungefanya nini.

9. Sauti.

Usiweke wimbo wa msanii maarufu. Kwanza sio wako, pili wimbo unameza kazi ya mtoto, wote wanaimba na hakuna anayeangalia. Sauti watengeneze wenyewe: mchanga kwenye kopo ni mawimbi, mfuko wa rambo ukiukunjakunja ni moto, kitana ukikikwangua ni chura. Rekodi kwa rekoda ya simu, chumba kidogo, simu iwe karibu na kitu chenyewe kama shubiri moja. Unganisha kwenye CapCut, ambako utaona apu inakuletea maua na maandishi yanayoruka, wakatalie.

Kwenye mradi wa kanga tulifanya tofauti, watoto walikwenda kumrekodi bibi au mama anaeleza kwa nini alinunua kanga ile, wengine kwa simu za nyumbani, wengine walikariri wakaja kusema wao. Kanga moja ilisababisha ugomvi wa miaka minne kati ya mawifi na mtoto ndo kwanza alikuwa anaujua siku hiyo. Rekodi hiyo hatukuionesha, mama aliomba isitoke.

10. Onesha na usahihishe.

Ukiwa na projekta na umeme siku hiyo, sawa. Bila hivyo simu moja kwenye boksi lililotobolewa tundu la kuchungulia, wanapita watano watano, na kusema kweli ile ya boksi wanaipenda zaidi. Karibu na boksi weka vile vitu vyenyewe na zile sentensi tano.

Alama natoa kwa 20. Tano wamelijibu swali kwa njia yao, tano vitu vimetumika kwa akili, tano mwendo unaeleweka, tano maelezo yao ya kuandika. Uzuri wa picha sijauweka, kwa sababu nikiuweka nitasahihisha simu yangu.

Na yule msanii mtumie kazi mbili tatu. Wengi hatumtumii, tukishapata voisi tunapotea, halafu mwaka unaofuata tunamtafuta tena kwa shikamoo kubwa.

UKIKWAMA

Video inawakawaka, mara giza mara nuru. Mwanga haujafungwa kwenye kamera, au wingu linapita, au ni mashati. Ndiyo, mashati meupe ya uniform, mtu akiinama shati linarudisha mwanga juu ya manila, akiondoka giza linarudi. Wasimame hatua mbili nyuma wakati wa kupiga, wote, au wavae sweta. Taa za tyubu zizime.

Vitu vinaruka badala ya kutembea. Wanasogeza sana. Chora mstari wa penseli kwenye manila uweke alama kila upana wa kidole.

Mkono umeingia kwenye picha. Futa fremu hiyo tu, sio lazima mwanzo. Ikiwa ni mkono mmoja kwenye picha 80 uache, mimi naupenda.

Simu imejaa. Ukitumia kamera ya kawaida badala ya apu, picha ya MB 3 mara 80 ni MB 240 kwa kundi, makundi kumi GB 2.4. Kila kundi likimaliza toa video, hamishia kwenye memori kadi au flashi siku hiyohiyo, usilale nayo. Nililala nayo mara moja, mtoto wangu wa nyumbani akafuta ili apate nafasi ya gemu.

Umeme hakuna. Huuhitaji mpaka siku ya kuonesha. Simu ikiwa asilimia 100 na mudi ya ndege, punguza mwanga wa skrini, inamaliza makundi matatu bila shida.

Mkuu wa shule anasema haya ni mambo ya kuchezea. Usibishane ofisini. Mwalike wiki ya kupiga picha aje abonyeze yeye picha kumi. Wangu alikuja kwa dakika tano akakaa mpaka kengele, akataka na kizibo chake kiingie.

Msanii hajajibu. Subiri siku nne, kumbusha mara moja kwa adabu, akinyamaza mtafute mwingine. Wanafunzi usiwaambie jina mpaka amekubali.

Hawana wazo lolote, wanatazamana tu. Wamwage mfuko mezani, kila mtu achague kitu kimoja akipe sauti na kitu kimoja cha kuogopa. Kizibo kinaogopa nini? Ndani ya dakika kumi wana hadithi, na mara nyingi inakuwa ya ajabu kuliko unayoitaka.

Mvua imeanza, bati linapiga kelele, kurekodi haiwezekani. Basi rekodi hiyo mvua. Kundi moja lilikuwa na hadithi ya jangwa, wakaangalia juu, wakaangaliana, wakabadilisha kisanduku cha mwisho.